Mapasa Hawaliliwi

Shimo walilichimba wao. Niseme hilo kwanza, kabla mtu hajaniletea habari ya mapenzi ya Mungu.

Barabara yetu inatoka upande wa stesheni inashuka mpaka bondeni, na kwangu ni karibu na mwisho, pale maji ya mvua ya mtaa mzima yanapokuja kutafuta pa kulala. Mchanga wa mji wetu, Kamina, hauna rafiki. Kiangazi unaingia ndani ya sufuria, masika unaondoka na ukuta wa mtu. Kwa hiyo shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, alipotuita kwenye uwanja wa shule tusikilize habari ya kutengeneza barabara, nilikwenda mbio, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ninamvuta mkono. Walikuwa mapasa, yaani pacha, wavulana wote wawili. Baba yao yuko migodini Kolwezi anachimba mawe ya watu wengine, na simu yake inapatikana siku inayotaka yenyewe.

Shefu wetu ni Muluba kama sisi, mtoto wa hapa hapa. Ana koti moja na sauti mbili: moja ya kuwasemesha wakubwa, moja ya kutusemesha sisi. Siku hiyo alitumia ile yetu. Alisema mashine itakuja kusawazisha barabara, na pembeni vijana watachimba kanivo kwa mikono, mfereji mkubwa wa kubeba maji. Wataanza na sehemu ya chini, kwetu. Mkubwa wa mradi atatoka Kinshasa kuja kuangalia. Akiridhika na sehemu ya chini, ndipo mashine itapanda kutengeneza sehemu ya juu. Asiporidhika, mashine inarudi ilikotoka. Hapo watu wa juu wakaanza kutuangalia sisi wa chini kama mtu anavyoangalia mtoto wa jirani aliyeshika sahani yake.

Nikasimama.

"Papa shefu, ile kanivo itapita mbele ya mulango yangu. Minyi niko na bana badogo. Nani atafunika?"

"Kila parsele itafunika fasi yake."

"Na mwenye kiwanja mwenye hana simenti?"

"Mwenye hana simenti, achunge bana bake."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa juu, mnene, muuza ndakala, hao samaki wadogo wakavu, aliyekaa mbele na kitenge kipya, akageuka kunijibu hata kabla ya kuulizwa: "Mama Mapasa, bantu banakuletea muchele, weye unauliza kijiko iko wapi." Wakacheka zaidi. Nikakaa. Nina diploma ya serikali, nilisoma mpaka mwisho wa sekondari, na pale nilikaa chini kama mtu aliyekosea hesabu ya darasa la kwanza.

Walichimba. Kanivo ikapita mbele ya mlango wangu, ndani yake mwanamume akisimama inamfika kifuani. Jirani yangu wa kulia ni mfanyabiashara wa duka, Mwislamu, ukoo wa Maniema, babu zake walikuja huku na biashara za zamani. Yeye alimwaga dale, bamba nene la zege, juu ya kanivo, akaliwekea vigae vyekundu. Duka lake likawa na baraza kama la benki. Mimi na mama yangu tulikwenda kwenye nyasi nyuma ya bohari la zamani, tukaburuta mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli, tukayalaza juu ya shimo moja kando ya jingine. Yalikuwa yamekula kutu, lakini tembo angepita. Watu wa Kamina wasicheke. Nyumba gani hapa haina chuma cha reli? Tunafanya viti, tunafanya nguzo, hata makaburini kipo.

Kisha ikaja Jumamosi ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mtaa, na shefu akaja na vijana wake wakaanza kuyainua.

"Ile chuma ni ya reli, mali ya Leta, ya serikali. Mukubwa wa Kinshasa anakuya kupiga foto. Unataka aone kama bantu bangu ni bezi?"

"Na lupango yako, papa shefu, iko ya miti?"

Lupango lake, ua wa nyumba yake, lote ni mataruma, yamesimamishwa kama askari. Kila mtu anajua.

"Lupango yangu haiko ku kanivo," akasema, na vijana wakaondoka na daraja langu mabegani. Waliniachia ubao mmoja, mwembamba, unaoinama ukiukanyaga.

Basi tukawa tunapita juu ya dale ya duka. Mke wa mwenye duka hakukataa siku za kwanza. Ni mwanamke wa sauti ya taratibu, anasema Kiswahili kirefu kuliko chetu, na anapotusikia tukisema "mutoto" anatabasamu kidogo. Lakini mchanga wetu ulibaki kwenye vigae vyake. Akaanza kusafisha nyuma yetu tukiwa bado tunapita. "Pita, mwanangu, pita," ananiambia, na ufagio tayari uko kwenye visigino vyangu. Wanangu walikuwa wakitembea vizuri wakati huo, wanakwenda na kurudi siku nzima, dukani, nyumbani, dukani. Vigae vile viliwapendeza, vilikuwa baridi miguuni.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikaacha. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ninakaanga mikate ya kuuza. Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia kimya. Mama yeyote wa watoto wadogo anajua kimya hicho, hakifanani na kingine. Nilizunguka nyumba nikamkuta mmoja amesimama ukingoni mwa kanivo, ananyoosha kidole chini, kwenye maji. Hakuwa analia. Walizoea kuonyeshana vitu.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni ninyi msiotoka kwetu. Kwetu Baluba, mtoto wa mapasa haliliwi. Hata hatusemi amekufa, tunasema amerudi. Wamekuja wawili kwa njia moja, na mmoja akirudi, anasikiliza. Akisikia kilio nyumbani, anajua ameacha kitu cha thamani, basi anamwita mwenzake amfuate. Ndiyo maana akina mama wanakuja wamejipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni na mikononi, wanacheza. Wanaimba nyimbo za mapasa, na nyimbo za mapasa zote ni matusi ya chini ya nguo. Wanamtukana mama, wanamtukana baba, wanataja viungo vya watu wazima kwa majina yao, wanacheka. Aliyerudi asikie kuna sherehe, aende zake.

Nilipofungua kinywa pale ukingoni, mama yangu alikifunga kwa mkono wake unaonuka sombe.

"Funga. Ukilia, ataita mwenzake. Weye unataka ubakie na nani?"

Nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Hakuuondoa.

Bibi vizee walimzika kesho yake asubuhi mapema, kwenye ardhi yenye maji karibu na kijito, kama inavyotakiwa. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Jua lilipopanda, ua wangu ulikuwa umejaa wanawake weupe. Mimi nilikuwa katikati, nimepakwa pemba kuliko wote, ninapiga makofi. Mwanangu aliyebaki alikuwa mgongoni kwa mama yangu, anazungusha kichwa, anamtafuta mwenzake kati ya miguu ya watu.

Hapo ndipo gari la mradi liliposimama.

Ilikuwa siku ya mkubwa wa Kinshasa. Siku hiyo hiyo. Alishuka, mtu wa makamo, viatu safi, akaona wanawake wamepambwa, wanacheza pembeni mwa kanivo yake, wanaimba kwa Kiluba. Uso wake ukafunguka. Alidhani tumekuja kumpokea. Akaingia katikati yetu, akainua mikono, akacheza. Mtu mkubwa, anacheza mbele ya mlango wangu, na bibi kizee mmoja anamtukania mama yake kwa wimbo na yeye anaitikia kwa kichwa. Akainamisha paji la uso apakwe na yeye pemba. Wakampaka. Wafanye nini? Msaidizi wake akapiga picha.

Shefu alikuwa nyuma yake. Shefu ni Muluba. Aliona pemba, alisikia maneno, alijua kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Mkubwa akamuuliza wanasema nini. Shefu akatoa ile sauti yake ya pili, na nilimsikia vizuri kwa Kifaransa: "Akina mama wanashukuru kwa barabara."

Viti vilipangwa kwenye dale ya duka, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na tope. Mkubwa akakaa, mwenye duka akakaa na kofia yake, mkewe akasimama mlangoni. Watu wa juu walikuwa wameteremka wote, yule muuza ndakala mbele yao. Mkubwa akasema anafurahi, hajawahi kupokewa hivi. Akauliza kama kuna malalamiko kabla ya kupeleka mashine juu. Shefu akatafsiri: "Mukubwa anauliza kama kuko mutu mwenye hataki barabara."

Nikaenda mbele na uso wangu mweupe. Nilisema kwa Kifaransa cha darasani, kila kitenzi mahali pake. Nilisema: Bwana, jana mtoto wangu amekufa ndani ya kanivo hii. Nilikuwa na daraja, huyu hapa aliliondoa ili picha zenu ziwe nzuri. Nina mwingine mdogo kama yeye, na shimo bado liko wazi mbele ya mlango wangu. Ninaomba lifunikwe leo.

Kwa Kifaransa niliweza kulitamka neno hilo, amekufa. Kwa Kiluba wangeniziba mdomo. Mwanangu Kifaransa hakukijua.

Mkubwa alinitazama. Alitazama macho yangu kwanza, kisha akina mama nyuma yangu, waliokuwa bado wanaimba chini chini. Akageuka kwa shefu.

"Mtoto amekufa, na wao wanacheza?"

Shefu akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonea wengine huruma. "Mkubwa, tangu umefika, umesikia kilio? Kwenu mtu akifiwa anacheza? Angalia macho yake. Huyu mume wake alimwacha akaenda Kolwezi, sasa ana mambo kichwani."

Nilitaka kulia pale. Si kwa huzuni. Nilitaka kulia kama mtu anavyotoa karatasi ya ushahidi. Ningeyaachia machozi, yule mtu wa Kinshasa angeamini kila neno. Shefu alikuwa ananitazama. Alijua. Alikuwa ameegemea mila yetu kama ukuta, ananingoja nilie nimwite mwanangu wa pili shimoni, au ninyamaze niwe mwongo. Nyuma yangu mama yangu akasema jina langu mara moja tu. Nikameza.

Mkubwa, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa viatu safi tu, akawauliza watu: "Ni kweli anachosema?" Shefu akatafsiri, safari hii sawasawa.

Hawa watu walikula mikate yangu. Wengine walikuwa ukingoni jana, walimwona akitolewa. Wakaangalia miguu yao. Mashine ilikuwa imesimama nyuma ya gari, ya manjano, pua imeelekea juu kwao. Muuza ndakala akasema, "Sisi tunaomba barabara tu, papa."

Ndipo mke wa mwenye duka akalia.

Hakulia kama sisi. Alilia kama wanavyolia kwao, sauti inapanda, mikono kichwani, anaanguka magoti kwenye vigae vyake. "Ni mimi! Nilikuwa nimeosha dale, wakaja wawili na tope. Nikawaambia rudini, piteni kwenu. Nikawasukuma kwa ufagio. Mungu wangu, nikawaambia piteni kwenu!" Akataja kifo. Akakitaja kwa Kiswahili kizuri, wazi, mara nyingi, mbele ya mlango wangu, mwanangu akiwa mgongoni kwa mama yangu anasikiliza.

Nilimrukia. Nilimpiga kofi la kwanza akaendelea, nikampiga la pili, kisha nikakandamiza kiganja kwenye kinywa chake mpaka pemba ikaingia katikati ya meno. "Nyamaza," nikamwambia, "unaniitia mwingine." Wanawake wetu wakaja kunisaidia, mmoja kwa miguu, mmoja kwa mikono, na bado wanaimba, mnaelewa? Wanamkandamiza mtu chini na wanaimba. Mwenye duka anapiga kelele tumwachie mke wake. Mama yangu akakimbia na mtoto mpaka bondeni ili asisikie.

Mtu pekee aliyemlilia mwanangu, nilimziba mdomo. Na angelia leo, ningemziba tena.

Mkubwa wa Kinshasa alikuwa amesimama, pemba bado kwenye paji la uso. Sasa aliamini. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi, na nilidhani, kwa muda mfupi nilidhani, imekwisha, shefu leo amepatikana. Lakini shefu ni mwepesi. Hakukanusha tena. Akainama kwenye sikio la mkubwa, na kwa sababu nilikuwa hatua moja tu kutoka kwao, nilisikia.

"Umeona mwenyewe anavyolia, anasema ni yeye. Mama wa duka amefukuza mtoto. Ni mambo ya majirani. Mradi hauko ndani."

Nilimwona mkubwa akipata pumzi. Nilimwona kwa macho yangu, mabega yakishuka, kama mtu aliyeambiwa kwamba kidonda si chake. Akaja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole kwa sauti ya kanisani. Kisha akasema kwa wote kwamba mwenye duka atafunika mbele ya kwangu, kwa zege nzuri, haraka. Mwenye duka akasema ndiyo, ndiyo, hata kabla sentensi haijaisha. Daraja langu halikutajwa. Shefu akapiga makofi, watu wakapiga makofi, na mashine ikapita mbele ya mlango wangu ikapanda.

Dale ilimwagwa wiki hiyo. Waashi walikuwa wa duka, zege ilikuwa nzuri kuliko ya nyumba yangu. Niliwasimamia kutoka asubuhi, mtoto nimemfunga mgongoni. Nikawaambia waongeze upana kushoto, wakaongeza. Nikawaambia waongeze tena. Hawakubisha.

Ilipokauka, mke wa mwenye duka alikuja mpaka ukingo wa vigae vyake, hakuvuka. Mdomo ulikuwa bado umevimba upande mmoja. Alikuwa na sahani ya wali iliyofunikwa kwa kitambaa. Alimtazama mtoto wangu kwa muda mrefu.

"Mama Mapasa," akasema, "alikuwa yupi? Niliwasukuma wote wawili, lakini mmoja aligeuka akanicheka. Ni huyu, au ni yule?"

Mimi ninajua ni yupi aliyekuwa na tabia ya kugeuka na kucheka. Mama yao ni mimi. Nilichukua sahani, nikamwaga wali kwenye sufuria yangu, nikaiosha sahani, nikamrudishia. Wakati fulani ananiuliza tena kwa macho nikipita dukani kununua chumvi, na mimi ninahesabu pesa za chumvi yangu. Mtoto akipata homa, na hapa kila mtoto anapata homa, ninakaa naye usiku ninaitazama taa ya nyumba yao. Diploma yangu inaniambia ni mbu. Ninaitazama tu ile taa.

Baada ya mashine kufika juu, shefu alituita tena kwenye uwanja wa shule. Sasa ilikuwa zamu ya kanivo ya sehemu ya pili. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Shefu alieleza upana, akaeleza kina. Muuza ndakala akainuka na kitenge chake.

"Papa shefu, na mbele ya milango, nani atafunika?"

"Kila parsele itafunika fasi yake."

"Lakini tuliona mambo ya kule chini."

"Kule chini walikuwa majirani wanagombana," akasema shefu. "Nyiye munagombana?"

Mwanamke yule akabaki amesimama. Kisha akageuka, akanitafuta nyuma kati ya vichwa vya watu. Wengine wakageuka pia, wote waliokuwa wameangalia miguu yao siku ile.

"Mama Mapasa, sema basi. Mukubwa wa Kinshasa iko anakuya kesho. Weye njo unajua Kifaransa."

"Kifaransa yangu ilikwisha."

"Mama, niko nakuomba. Tuko na bana."

Anaye mmoja wa kike, anaanza kusimama kwa kushika vitu. Alikuwa hapo hapo, ameshika kiti cha mama yake kwa mikono miwili, anachezesha magoti, anafurahia watu wote waliogeuka upande wake.

"Minyi niko na dale yangu," nikasema.

Shefu akangoja kidogo kuona kama kuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Nikamfunga wangu mgongoni, ingawa amekuwa mzito na miguu yake inanigonga mapajani nikitembea, nikateremka kwenda kupika. Nyuma yangu shefu aliuliza nani anakubali, na nikasikia makofi.